Moto wa Iliasi

Ayoubu alikuja siku ya Ijumaa, baada ya swala, akiwa amefunga bombone, mtungi wa gesi, nyuma ya pikipiki kwa mipira, akiendesha polepole kama mtu aliyepakia bibi harusi. Nilimsikia kabla hajafika. Kusema kweli nilikuwa nikimsikia tangu asubuhi, maana kila pikipiki iliyopita njia ya sokoni ilinifanya niinue kichwa. Nilikuwa nimevaa kitenge cha kijani, kile ambacho mama mkwe wangu alisema hakimfai mwanamke ambaye mume wake yuko safarini. Nilikivaa makusudi.

"Salama, shemeji?" alisema mlangoni, macho yake kwenye kizingiti.

"Salama, shemeji. Karibu."

Shemeji! Neno hilo ndilo lilikuwa ukuta wetu, na tulilipaka chokaa kila siku ili watu waone jinsi lilivyo jeupe. Ayoubu alikuwa rafiki wa Iliasi, mume wangu. Walitoka Kasongo asubuhi moja, wote wawili, kwenda kuchimba dhahabu Lusangi. Ayoubu alirudi. Iliasi hakurudi.

Miaka mitatu ilikuwa imepita. Habari zilitufikia mdomo kwa mdomo: mvua kubwa, kilima kikashuka, shimo likaziba. Wengine walisema Iliasi alikuwa ndani. Wengine waliapa kwamba walimwona wiki ileile huko Wamaza, begi begani, anatafuta gari la kwenda Kalemie. Mwili hakuna aliyeuona. Ayoubu mwenyewe, aliporudi miezi saba iliyopita, alituambia kwamba yeye aliondoka Lusangi siku mbili kabla ya mvua ile, akaenda Kalemie, akajifunza kazi ya gesi kwa mtu mmoja mwenye hoteli, na kwamba hakujua lolote zaidi yetu. Tulimwamini. Kwa nini tusimwamini?

Tangu hapo alikuwa akija. Leo analeta dawa ya kifua ya mama mkwe, kesho sukari, keshokutwa anapita tu kuuliza kama tumeamka vizuri. Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa anakohoa kwa sababu ya moshi, kwa hiyo ya kwangu yakapata pa kujificha. Au ndivyo nilivyodhani. Jioni moja mama mkwe, Mama Mwanvua, aliweka kikombe chake chini akaniuliza: "Ule Ayoubu anakuya kuangalia kifua yangu, ao anakuya kukuangalia weye?" Nilisema anakuja kukuangalia wewe, Mama. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Muke wa mutu hauangaliwe namna ile," akasema.

Na mimi nilikuwa bado mke wa mtu, kwa sababu moto ulikuwa bado unawaka.

Hapa lazima nieleze. Nyumba ile aliijenga babu yake Iliasi, fundi mwashi aliyewajengea mapadri nyumba zao na kurudi na tamaa ya vitu vyao. Akajijengea sheminé ya matofali jikoni mwake, yenye mdomo mpana na koo refu linalotokeza juu ya mabati. Sheminé, Kasongo, na joto letu hili! Mtaa mzima ulimcheka. Lakini ndani ya sheminé hiyo ukoo wao uliweka desturi yao ya zamani. Mwanamume akienda safari ya mbali, mama yake huwasha moto kwa mkono wake mwenyewe, na moto huo haulali mpaka arudi na ale chakula kilichopikiwa hapo. Akifa huko alikokwenda, hauzimwi na yeyote isipokuwa mtu aliyekuwapo alipokufa. Huyo ndiye huchota maji ya mtungi wa nyumba na kuyamwaga kwa mkono wa kushoto. Akiuzima mtu ambaye hakuwapo, wanasema ndiye aliyemuua.

Basi nikawa mlinzi wa moto. Asubuhi kuni, jioni majivu ya kuufunika, miaka mitatu. Shehe wa mtaa alisema mara mbili kwamba ninaweza kuhesabiwa mjane. Kaka zangu walikuja mara mbili kunichukua. Mama Mwanvua aliwakaribisha, akawapa chai, akawaonyesha sheminé kwa kidole. "Moto iko unawaka," aliwaambia. "Namna gani mutamuita mutoto mujane?" Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ilikuwa kinyume: asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kila kitu. Nami nilibaki, mwanzoni kwa huruma, maana mama yule alinipenda tangu siku niliyoingia kwake. Baadaye nilibaki kwa hofu.

Kwa sababu moto ule ulikuwa umebadilika. Tangu mwezi wa Ramadhani uliacha kula kuni. Niliingia jikoni alfajiri nikakuta gogo la jana zima, gome lake halijaungua hata kidogo, na moto umesimama mrefu juu yake. Niliweka kuni mbichi, ukawaka. Siku moja sikuweka chochote, makusudi, nikanyamaza, ukawaka. Na moshi wake, badala ya kupanda, ulikuwa unateremka, unatambaa sakafuni na kupita chini ya mlango wa chumba cha Mama Mwanvua, hata siku ambayo jani halitikisiki uani. Macho yake yakawa meupe. Kifua kikawa kinapiga filimbi. Muuguzi aliyekuja kumwona alitazama dari nyeusi ya jikoni akasema maneno machache: moshi huu utamuua.

Faradji, kaka mkubwa wa Iliasi anayefanya biashara ya samaki Kalemie, alipopata habari hiyo alituma jiko la gesi na bombone mbili kwa lori; jiko likaletwa kwetu, bombone zikabaki kwa Ayoubu. Mama Mwanvua alikataa juma zima. Kisha akakubali kwa sharti moja, na siku ile ya Ijumaa alilirudia mbele ya Ayoubu, amekaa juu ya kigoda, kanga imemfunika mpaka kidevuni.

"Gazi ingie, sina neno. Lakini moto ya mutoto yangu musiizimishe. Latifa muke yake ataitia mu chungu, ataiweka inje, chini ya ile kibanda. Umenisikia, Ayoubu?"

"Nimekusikia, Mama. Miye mwenyewe siwezi kufungua gazi pembeni ya moto. Tutauhamisha polepole."

"Polepole," alisema Mama Mwanvua, akaondoka akipapasa ukuta mpaka chumbani kwake.

Tukabaki wawili jikoni. Nje mtaa ulikuwa kimya, watu wamekula wamelala, na upande wa Lualaba mawingu yalikuwa yanarundikana. Ayoubu alifungua begi lake na kupanga vyombo kwenye gunia. Alinieleza kazi yake bila kuniangalia, kama anavyofanya mwanamume akiogopa macho yake mwenyewe. Angejenga kitako cha matofali ndani ya sheminé na kukalisha jiko juu yake. Koo la sheminé angeliziba kwa bati, akiacha tundu la kiganja kwa ajili ya hewa. Bombone ingekaa nje ya ukuta, na mpira wa gesi ungepita kwenye tundu la ukuta. Alinionyesha detanderi, kifaa cha shaba kinachokaa shingoni mwa bombone na kupunguza nguvu ya gesi.

"Mukono yako inatetemeka," nilimwambia.

"Ni pikipiki."

"Pikipiki ulishuka zamani."

Hapo akaniangalia. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri, na mimi niliyapenda macho hayo mpaka nilijionea haya. Wiki iliyopita, tukiwa mlangoni, aliniuliza kwa sauti ya chini: moto huu ukizimika, nikituma wazee wangu kwenu, utasema nini? Nilimjibu kwamba moto haujazimika, shemeji. Jibu langu lilikuwa kavu, lakini nilikesha nalo.

"Lete chungu," alisema.

Nilichota makaa kwa sepetu, mekundu, yanapumua. Niliyaweka chunguni juu ya majivu ya moto na kutembea hatua saba mpaka mlangoni. Nilipovuka kizingiti yakawa meusi. Nasema yakawa meusi kwa mara moja, kama mtu amefumba jicho. Niliweka mkono juu yake. Nikagusa. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Nilirudi, nikayamwaga ndani ya sheminé. Yakawaka.

Nilichota tena, nikatembea kwa haraka, nikayafunika kwa mfuniko. Nje nikafunua: meusi, baridi. Nikarudisha: mekundu. Mara ya tatu Ayoubu alinifuata akitazama chunguni hatua kwa hatua. Alipoona, alishika nguzo ya mlango.

"Umeiona?" nilimuuliza.

"Nimeiona."

"Basi niambie ni nini, fundi."

"Latifa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu, na siku nyingine ningefurahi mpaka nicheze. "Latifa, miye niko naogopa hii nyumba. Kutoka siku ya kwanza niko naiogopa."

"Na bado unakuya kila siku?"

"Ninakuya juu yako, sababu yako weye."

Ndivyo alivyosema, wazi, mbele ya moto wa mume wangu. Nilisikia uso wangu unapata joto, na moyo wangu, mpumbavu ule, ukaruka. Nilitaka kumwambia na mimi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini moto nyuma yetu uliinama, wote, ndimi zote upande mmoja, upande wetu, kama watu wanaosikiliza maneno ya jirani. Upepo haukuwapo. Nilimeza neno langu.

"Fanya kazi yako," nilimwambia. "Usukume makaa pembeni, upime koo kwanza. Tutaona."

Alisukuma makaa kando kwa sepetu, akapiga magoti, akaingiza kichwa na bega ndani ya sheminé ili apime upana wake. Nilimshikia tochi. Niliona mgongo wake ukikakamaa. Akatulia hivyo kwa muda mrefu, kisha akatoka kwa kasi, akajigonga kisogo kwenye tofali, na wala hakujishika.

"Nani anagonga?"

"Wapi?"

"Hapa. Chini. Haiko juu, iko chini. Sikia!"

Nilisikiliza. Nilisikia kuku uani na ngurumo ya mbali. "Hakuna kitu, Ayoubu."

"Tatu," alisema, midomo yake imekuwa ya kijivu. "Ananyamaza. Tatu. Ananyamaza. Kiisha moja."

Mlango wa chumba ulifunguka. Mama Mwanvua alikuwa amesimama pale, kanga imemwangukia mabegani, macho yake meupe yameelekea mahali tulipo.

"Na weye unaisikia?" aliuliza.

Ayoubu alirudi nyuma hatua moja.

"Miye ninaisikia kutoka ile mwaka ya mvua," Mama Mwanvua alisema, akija polepole, mkono ukutani. "Latifa haisikii. Faradji alilala hapa siku kumi, hakusikia. Shehe nilimukalisha palepale kwenye kigoda, hakusikia. Nikasema ni uzee, Mwanvua, masikio yako inakufa mbele yako. Sasa weye, mutoto ya batu wengine, unaisikia namna gani?"

"Mama..."

"Inagonga namna gani? Nionyeshe."

Ayoubu alikuwa na ufunguo wa chuma wa kukazia nati mkononi. Alitazama mlango wa nje, na nilidhani atakimbia. Badala yake aliinua ufunguo na kugonga tofali la sheminé. Mara tatu. Kimya. Mara tatu. Kimya. Mara moja.

Mama Mwanvua alishika kifua chake. "Ndiyo vile," alisema. "Njo vile kabisa."

Mvua ilianza wakati huohuo, mvua nzito, juu ya mabati. Ayoubu aliteleza ukutani mpaka akakaa chini, miguu mbele kama mtoto. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nafikiri mwanamke anajua. Nilitamani anyamaze, ajabu gani hiyo, miaka mitatu nilitaka kujua na sasa nilitaka anyamaze.

"Sikuondoka siku mbili mbele ya mvua," alisema. "Niliwaongopea. Nilikuwa naye."

"Endelea," alisema Mama Mwanvua.

"Asubuhi ilikuwa mvua, kama hii. Batu walisema tusiingie. Iliasi akasema tuingie mara moja tu, kiisha tunarudi Kasongo, alikuwa amechoka kule, alikuwa anamuwaza Latifa. Yeye alikuwa chini. Miye nilikuwa karibu na mulango ya shimo, navuta ndoo. Udongo ikashuka katikati yetu. Alikuwa na nyundo. Akaanza kugonga jiwe. Tatu, ananyamaza, tatu, ananyamaza, kiisha moja. Ilikuwa alama yetu ya kazi. Maana yake, niko muzima, vuta."

"Ukafanya nini?" nilimuuliza.

"Nilichimba na mikono, Latifa. Angalia." Alinyoosha vidole vyake. Kucha mbili hazikuwapo, mahali pake palikuwa na ngozi laini. Nilikuwa nimeviona mara nyingi nikadhani ni kazi ya gesi. "Kiisha kilima yote ikaanza kutembea. Batu bakanishika mukono, bakanivuta. Nilipiga kelele kwamba iko muzima, anagonga. Bakasema weye ni muwazimu, hatusikii kitu. Miye peke yangu nilimusikia."

Mama Mwanvua hakulia. Alisogea mpaka mbele yake, akainama, uso wake karibu na uso wa Ayoubu.

"Aligonga mpaka saa ngapi?"

"Mama, sijui."

"Aligonga mpaka saa ngapi, Ayoubu?"

"Sijui, Mama. Nilimuacha akiwa angali anagonga."

Nilitoka mlangoni, nikasimama chini ya mchirizi wa bati, mvua ikanipiga kichwani na kuloanisha kitenge changu cha kijani. Iliasi wangu. Mwaka mmoja na nusu tu tuliishi pamoja; alikuwa anaimba vibaya na kula kwa haraka. Nilimlilia pale kama nilivyopaswa kumlilia miaka mitatu nyuma. Na katikati ya kilio hicho, Mungu anisamehe, nilikuwa namlilia na Ayoubu pia, maana nilimwona naye anavutwa kwa mkono kutoka pale, na sikujua ni yupi nilikuwa namwonea uchungu zaidi.

Niliporudi ndani Mama Mwanvua alikuwa ameshika kata, imejaa maji ya mtungi.

"Juu ya nini hukusema?" alikuwa anamuuliza sababu.

"Nilikuya hapa siku ya kwanza niwaambie. Latifa akanifungulia mulango. Akaniuliza: umemuona mume wangu? Nikaangalia uso yake, nikasema hapana. Kutoka pale kila siku nilikuya na ukweli, kila siku nilirudi nayo. Siku ya kwanza nilikuya juu ya Iliasi. Zile zingine..." Alinitazama nilivyolowa. "Zile zingine mumekwisha kujua."

"Shika," Mama Mwanvua alisema, akimpa kata. "Zimisha."

"Siwezi, Mama. Sikumuona akikufa."

"Ulimusikia. Miye macho inaisha, ile ya kusikia inanitosha. Mukono ya kushoto."

Ayoubu alihamisha kata kwenye mkono wa kushoto. Mkono wake sasa haukutetemeka. Alimwaga mara moja, maji yote.

Nimezima mioto mingi maishani mwangu na kila mmoja ulilia, hata wa kibiriti hulia. Ule haukulia. Hakukuwa na mlio wala mvuke. Ndimi zilishuka na kuingia chini, kama mtu anavyojifunika blanketi, na mahali pake pakawa peusi. Harufu iliyotoka haikuwa ya majivu. Ilikuwa ya udongo mbichi, udongo wa chini sana ambao haujawahi kuona jua, ikajaa jikoni kote mpaka nikaziba pua. Kisha nayo ikaondoka.

Mama Mwanvua aliinamisha kichwa, anasikiliza. Ayoubu naye anasikiliza. Nilisimama kati yao, mimi ambaye sijawahi kusikia chochote, nikisoma nyuso zao.

"Ameacha," alisema Mama Mwanvua.

"Ndiyo, Mama. Ameacha."

"Inna lillahi," alisema, akayumba. Tulimdaka wote wawili, mimi mkono huu, Ayoubu mkono ule, tukamkalisha kwenye kigoda. Alilia kimyakimya, bila kukohoa. Nilikumbatia kichwa chake. Sijui tulikaa muda gani. Mvua ilikuwa imepungua aliponyanyua uso na kumtafuta Ayoubu kwa masikio.

"Uko wapi?"

"Niko hapa, Mama."

"Maliza kazi yako. Batu watakuya ku matanga. Watakula nini?"

Naye akafanya kazi. Alitoa majivu ya miaka mitatu, akapanga matofali na kuyashika kwa udongo, akaziba koo kwa bati na kuacha lile tundu la kiganja. Alipitisha mpira ukutani, akafunga detanderi kwenye shingo ya bombone huko nje. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akainama kuangalia kama linatoa mapovu, dalili ya gesi kuvuja. Alipohitaji tochi nilimpa, alipohitaji kitambaa nilimpa, na vidole vyetu vilipogusana hakuna aliyevirudisha haraka wala aliyeviacha vikae.

"Washa weye," aliniambia alipomaliza. "Kwanza kibiriti, kiisha fungua."

Niliwasha. Moto ulitokea mdogo, wa bluu, mviringo, ukanguruma taratibu. Uliwaka kama moto wowote unavyopaswa kuwaka, haukuinama upande wowote.

"Imewaka?" aliuliza Mama Mwanvua.

"Imewaka, Mama."

"Haina harufu." Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza ndefu ambayo nilikuwa nimeisikia kwake tangu Ramadhani, na kifua hakikupiga filimbi. "Tia sufuria kubwa. Wali ya matanga. Na weye Latifa, eda yako inaanza leo. Utaikalia kwangu."

"Ndiyo, Mama."

Ayoubu alikuwa anafunga begi lake; Mama Mwanvua akageuza uso upande wake.

"Walikwenda wawili," Mama Mwanvua alisema, kama anayejihesabia mwenyewe. "Moja amerudi. Nikimufukuza huyu, nitakuwa nimewapoteza bote. Ayoubu, usivuke mulango huu mpaka eda iishe. Batu wasipate la kusema juu ya mutoto yangu Latifa. Ikiisha, sina neno tena. Neno itabaki kwake."

Kwa hiyo yeye alimsamehe kwanza, yule niliyedhani hatasamehe kamwe. Ilibaki mimi, na mimi sikuwa na moyo mwepesi namna ile. Nilimsindikiza Ayoubu mpaka lango la ua kwa sababu ndiyo adabu. Majirani walikuwa wameanza kuchungulia. Mtaa mzima ulikuwa umeona kwamba sheminé yetu haitoi moshi, na kila mtu alijua maana yake. Alipanda pikipiki lakini hakuiwasha.

"Unanichukia?" aliniuliza.

"Ndiyo."

Alikubali kwa kichwa, kama aliyetarajia.

"Miezi saba unanywa chai yangu," nilimwambia. "Miezi saba ninakuuliza habari, unaniambia hakuna habari. Ninakuchukia, Ayoubu. Na ninakupenda. Yote mbili iko humu ndani, inagombana, na sijui ile gani itashinda."

Macho yake yalijaa. "Nifanye nini?"

"Rudi Lusangi. Kaa pale palipoziba, umusomee Yasini, umwambie kwamba mama yake amejua. Miezi mine na siku kumi ikiisha, ukuye na bazee bako. Nitakupa jibu mbele yao."

"Na kama jibu iko hapana?"

"Utaisikia mpaka mwisho. Safari hii hautaondoka mbele ya kuisha."

Aliweka ule mkono wenye vidole visivyo na kucha juu ya kifua chake, akauacha hapo, kisha akawasha pikipiki na kwenda zake kwenye matope. Niliwaona akina mama wa mtaa wakianza kuvuka njia kuja kwetu, kanga vichwani. Nilivua hereni zangu, moja, halafu ya pili, nikaingia ndani kukalia eda ya mume wangu.